Kitenzi Nilichopewa na Mwalimu

Harufu ya dagaa walioanikwa mchangani iliingia darasani kwetu Ujiji bila kupiga hodi, ikachanganyika na vumbi la chaki na udongo uliotukaukia miguuni. Ilikuwa miaka ya Ujamaa: asubuhi jembe kwenye shamba la shule, kisha Kiingereza. Mwalimu wetu hakuamini kitenzi kisichotendwa. Alikuwa akikunong'oneza neno sikioni, unasimama mbele unalitenda, na darasa zima linapaza sauti kusema unachokifanya. Ukifagia, "She is sweeping!" Ukinywa maji, "She is drinking!" Kelele zetu ziliwafikia wauza samaki wa migebuka barabarani, nao wakatuitikia kwa kucheka. Lo, tulilipenda somo lile!

Muhula huo baba yangu, mvuvi wa dagaa, hakurudi kutoka ziwani. Mtumbwi ulipatikana umepinduka, yeye hakuonekana. Baba mdogo alipotaka tuweke matanga, mama alimkatiza. "Maiti hamjaniletea, mnaniletea matanga? Shemeji, niondokee." Kisha akatugeukia sisi watoto: "Atakayemlilia baba yenu ndiye atakayekuwa amemzika." Basi hatukulia. Kila jioni mama alimfunikia ugali wake, nasi tukaipita ile sahani kimya kimya. Niliamini kabisa kwamba uhai wa baba uko mikononi mwangu. Nikidondosha chozi, nimemmaliza.

Mwalimu alikuwa mgeni Kigoma, na msiba usiotangazwa angeujuaje? Aliniita mbele, akaninong'oneza kitenzi changu: kulia. Nikajifunika uso kwa viganja, nikaigiza kwikwi. "She is crying!" darasa likaitika kwa furaha. "Tena," akasema mwalimu. Nikaigiza tena, na safari hii kwikwi ikagoma kukoma. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi kiliniumbua kilio. Nilianguka sakafuni nikimwita baba. Wenzangu, kwa mazoea tu, waliendelea kuitika, mpaka sauti zao zikazima moja moja. Mtoto wa jirani yetu ndiye aliyesema, "Baba yake kafa maji, Mwalimu. Kwao wamekatazwa kulia." Maskini mwalimu! Alinibeba mgongoni hadi nyumbani.

Tulimkuta mama uani akisugua sufuria. Kabla mwalimu hajafungua kinywa, nilisema mwenyewe, "Mama, nimemlilia. Nisamehe." Nilijua atanipiga. Alinitazama, akaiweka sufuria chini taratibu, akaketi palepale kwenye vumbi, akapiga yowe lililoleta mtaa mzima. Jioni hiyo matanga yaliwekwa, na ugali wa baba haukupikwa tena.

Siku hizi wajukuu zangu wanajifunza Kiingereza wakiwa wamekaa, kwa picha za kwenye simu, na wananizidi kwa mbali. Sina kinyongo, dunia inakwenda. Juzi mmoja wao aliniuliza kaburi la baba yangu liko wapi, akamsomee dua. Nilimshika mkono, tukaenda shuleni. Tukasimama mlangoni mwa darasa lile, tukainua mikono, tukasoma Fatiha.