Sindano ya Bi Hosiyat iliyobaki ndani ya mfarishi wa harusi

Saa moja asubuhi, kivuli cha mizabibu bado kimelala ua mzima wa Muhayo, na Bi Hosiyat Ergasheva ameshakaa chini, mguu mmoja ameukunja na mwingine ameunyoosha kwa ajili ya goti. Mbele yake kimetandikwa kitambaa cha bitana, na juu ya bitana imelala pamba iliyochambuliwa hadi ikawa kama povu la maziwa.

Muhayo, mama wa bibi harusi, anarusha peremende juu ya pamba na watoto wa jirani wanazigombania. Wakishatawanyika, wanawake wananyamaza. Bi Hosiyat anavaa subana, anapiga bismillahi, anachoma. Mfarishi wa kwanza, tandiko nene la pamba la kulalia maharusi, umeanza.

Hapa Margilan, mji wa hariri, mshono huo wa kwanza haupewi kila mtu. Anatafutwa mwanamke aliyeolewa mara moja, mume yu hai, watoto wengi, nyumba tulivu, ili baraka yake imfuate bibi harusi. Mtaani kwao wanawake wa sifa hizo ni wachache, na mkono wanaoutaka ni wa Bi Hosiyat.

Ana miaka sitini na minane. Miaka thelathini aliimaliza katika kiwanda cha hariri, mikono ndani ya maji ya moto, akivuta nyuzi kutoka kwenye vifuko vya viwavi. Pensheni yake ni sum milioni moja na ushei kwa mwezi, ya kutosha unga, mafuta na dawa ya goti. Kushona mifarishi hakumwingizii kitu. Akimaliza hupewa kipande cha kitambaa na sahani ya pilau, basi.

"Wiki ya kwanza ya kustaafu nililala," anasimulia. "Wiki ya pili nikaanza kuongea na kuku. Mume wangu aliposikia kuku nao wananijibu, akanifungulia mlango akaniambia, mke wangu, toka nje."

Akatoka, na hajarudi ndani tena. Msimu wa harusi ni mifarishi. Ijumaa ni duara la chai, linalozunguka nyumba kwa nyumba. Kukiwa na msiba, yeye na wenzake ndio wanaotangulia kuwasha moto. Mumewe, mzee Tursunali, dereva mstaafu wa lori, naye ana mgahawa wa chai anakoshinda na wazee wenzake wa dama. Wanakutana jioni, kila mmoja na habari zake.

Lakini tangu majira ya baridi, Bi Hosiyat alikuwa na jambo walilolijua yeye na Tursunali tu. Mtoto wa jicho alikuwa ameingia macho yote mawili. Mwanzo aliona kama moshi wa jikoni, kisha kama pazia. Tundu la sindano ndilo lililotangulia kumpotea.

Mzee akawa anatunga sindano yeye. Kila alfajiri ya siku ya kushona, yule aliyezoea usukani wa lori aliketi dirishani na miwani yake, akitia nyuzi moja baada ya nyingine, akizichomeka kwa safu kwenye kipande cha blanketi. Mkewe alikikunja na kuondoka nacho. Uzi wa sindano moja ukiisha anachukua nyingine, na mstari anaufuata kwa kidole gumba.

Daktari alikuwa amewaambia kwamba jicho linaweza kusafishwa kwa upasuaji. Bi Hosiyat akaogopa kisu, na zaidi ya kisu akaogopa maneno. Mkono mwema usioona, nani ataualika kwenye harusi? Angerudi kwa kuku.

Basi siku ile kwa Muhayo kazi ilikwenda vizuri. Wanawake walizunguka mfarishi kama watu wanaokula sahani moja, na vinywa vikishona zaidi kuliko mikono. Nani kachumbiwa, nani karudisha posa, kondoo wa nani kaingia bustani ya nani. Aliyeongoza maneno ni Bi Bashorat, shoga yake Hosiyat tangu kiwandani, mwenye ulimi unaokata bila kunolewa. Pembeni alikaa Gulsara, mkamwana mpya wa mtaani, aliyeolewa hapo katikati ya baridi. Mishono yake ilikuwa mikubwa kama hatua za ngamia, na kila mara mtu alimfumulia mmoja.

Bashorat akatega kitendawili, wakamwitikia. "Ana jicho wala haoni njia, ana mkia wala si mnyama."

"Sindano," wakajibu kwa pamoja, wakacheka. Bi Hosiyat naye akacheka, ila nyuma kidogo ya wenzake.

Alasiri pilau ikawa tayari. Lakini katika nyumba ya kushona mifarishi, kitambaa cha chakula hakitandikwi mpaka sindano zote zilizohesabiwa asubuhi, za kijimto na walizokuja nazo wageni, zitimie. Sindano ikibaki ndani ya mfarishi wa harusi, wazee wanasema, wawili wale watachomana kwa maneno maisha yao yote. Na hata asiyeamini hayo anajua kwamba mgongo wa mtu utaikuta.

Muhayo akahesabu. Akarudia. Ilipungua moja.

Mifarishi ya siku hiyo ilikuwa imekwisha kupangwa ukutani, na keshokutwa wanawake wa upande wa bwana harusi walikuwa wanakuja kuikagua. Wakakung'uta shuka, wakakung'uta magauni, wakapapasa zulia. Hawakuiona. Bila mtu kusema, macho yakaanza kwenda upande mmoja, kwa Gulsara. Mmoja akauliza, kwa sauti ya kawaida tu, nani leo alikuwa hajui kushika sindano. Mwingine akasema wasichana wa siku hizi hufundishwa simu.

Gulsara hakujitetea. Mkamwana wa miezi minne hajibishani na wakubwa. Akapiga magoti mbele ya mfarishi wa kwanza akaanza kuufumua pembeni, na waliokuwa karibu walimsikia akivuta makamasi.

Bi Hosiyat alikuwa amekaa palepale. Kipande cha blanketi kilikuwa mapajani mwake na kidole chake kilikuwa kimeshapita safu yote. Mahali pamoja palikuwa patupu. Alikumbuka hata saa yenyewe. Uzi ulipomwishia kwenye mfarishi mwekundu aliichomeka sindano kwenye kona, kama afanyavyo kila fundi, na alipogeuka kuitafuta hakuiona, wenzake wakaja wakaukunja mfarishi.

Akinyamaza, hakuna atakayejua. Akisema, amejitoa mwenyewe.

"Mwacheni huyo mtoto," akasema. "Sindano ni yangu. Iko kwenye ule mwekundu, kona ya mguuni. Sikuiona kwa sababu sioni."

Muhayo alibaki na kijimto mkononi. Kisha Bashorat akashusha pumzi ya mtu aliyengoja basi muda mrefu.

"Haya, afadhali umesema mwenyewe," akamwambia. "Ulidhani hatujui? Shoga, tangu baridi unaliamkia koti la mume wangu kwenye kamba ya nguo. Tena unaliuliza hali ya watoto."

"Nami nikashangaa," akajibu Hosiyat, "mbona siku hizi mumeo amekuwa na adabu."

Ndipo wakacheka, mpaka Muhayo akakaa chini. Gulsara alicheka akiwa bado analia. Aliyemsema habari za simu akamwondolea mfarishi mapajani, akamfuta uso kwa kilemba chake mwenyewe.

Wakautandika ule mwekundu. Bashorat akapitisha viganja konani, taratibu, akibonyeza. Ghafla akakivuta kidole na kukitia mdomoni. "Nimeipata," akasema. "Au yenyewe ndiyo imenipata." Wakafumua mishono michache, wakaitoa sindano, wakashona tena, na pilau ikaliwa ikiwa imepoa.

Lililobaki lilikuwa lile Bi Hosiyat aliloliogopa. Baada ya kula alikikunja kile kipande chake cha blanketi, akamkabidhi Muhayo, akamwambia atafute mkono mwingine kuanzia kesho, kwani mitaa ya jirani haikosi mwanamke mwenye mume.

Muhayo hakukipokea. Alimwambia, "Mama mkubwa, mume wako amekufa?"

"Nilimwacha asubuhi akila mkate."

"Watoto wako wamepungua?"

"Wamezidi kula tu."

"Basi baraka yako iko palepale. Mshono wa kwanza utachoma wewe, sisi tutakuonyesha mahali. Na mingine watachoma wenye macho."

Kesho yake, mwandishi wa makala haya aliporudi nyumbani kwa Muhayo, Bi Hosiyat alikuwa amehamishiwa kwenye pamba. Kazi hiyo ni ya viganja. Unaitandaza tabaka kwa tabaka, unaisikiliza palipozidi na palipopungua, kisha unaipiga kwa fimbo nyembamba ilingane. Nywele zake zilikuwa nyeupe kwa vumbi la pamba, na Bashorat alikuwa akimwita Babu Theluji, yule mzee mweupe wa sherehe za mwaka mpya.

Sindano sasa anatunga Gulsara, akiwa ameketi ubavuni pake. Mzee Tursunali amepumzishwa, ingawa asubuhi ile, kwa mazoea, alikuwa ameshatunga tano.

Miadi ya hospitali imewekwa baada ya mavuno ya zabibu. Litaanza jicho la kulia. Mzee ameahidi kumpeleka na kulala naye hukohuko, na duara la chai limekwisha amua kwamba Ijumaa hiyo chai itanywewa kwenye benchi za hospitali, daktari apende asipende.

Kuogopa bado anaogopa, hafichi. Lakini kuna kitu anakitaka kuliko anavyokiogopa kisu.

"Nataka nimwone Gulsara," anasema, huku viganja vikitembea juu ya pamba. "Alipokuja mtaani macho yangu yalikuwa yameshafunga. Miezi minne tunakaa naye na mimi namjua sauti tu. Wanasema ni mzuri. Lakini anayesema ni Bashorat, na Bashorat huyuhuyu ndiye aliyeniapia kwamba Tursunali ni mzuri."