Namba Zilizoandikwa Redioni

Redio ile mume wangu aliinunua kwa mchuuzi wa Lokandu, na mimi sikuipenda tangu siku ya kwanza, maana ilikula meza yetu nzima. Kwenye kioo chake kulikuwa na safu za namba, zikiwemo zile ambazo watu wa fonia, ile redio ya kuitana kutoka mbali, walizitumia kuongea na mji wa Punia, na za askari pia. Namba hizo ndizo zilizotuletea mkuu wa selule, tawi la chama tawala mtaani kwetu, mchana mmoja, nikiwa natwanga majani ya sombe.

Alikataa kiti. Aliweka kidole juu ya kioo, akasema namba ya askari iko hapa, kwa hiyo nyumba hii inasikiliza mambo ya askari. Enzi zile neno kama hilo lilitosha kumtoa mtu kwake asionekane tena. Nilimchukia yule bwana kwa moyo wangu wote.

Mume wangu alijibu polepole, akimwita sitwayeni, yaani raia, kama ilivyotakiwa. Kuandikwa si kusikika, alimweleza. Sauti ya fonia hurushwa ikiwa imeondolewa sehemu yake, na mashine ya kuipokea lazima iwe na kipande cha kurudishia kilichoondolewa. Redio ya nyumbani hukamata namba ileile, ila kipande hicho haina. Mkuu akamwamuru azungushe sindano mpaka pale. Ikatoka sauti ya puani, kama bata aliyekabwa shingo.

"Hii njo siri yenu," mkuu alisema. "Munasemaka kwa mafumbo."

Mume wangu alibeba redio begani, tukaenda wote kwa mfanyabiashara mmoja aliyekuwa na fonia dukani, majirani wakitufuata kwa mbali kana kwamba tunanuka. Ilikuwa saa yao ya kuongea na Punia. Fonia ikasema waziwazi kwamba barabara imekatika na mafuta ya mawese yamekwama. Pembeni yake, kwenye namba ileile, redio yetu ililia bata tu. Watu wakacheka. Hata mimi nilicheka, nikajua mume wangu ameponea chupuchupu.

Mkuu wa selule hakucheka. Alizisikiliza zote mbili hadi mwisho, akakubali kwamba redio yetu kweli haiwezi. Kisha akamgeukia mume wangu.

"Sitwayeni, redio haijue kitu. Lakini weye unajua kile kipande chenye inakosa. Nani alikufundisha?"

Alikuwa amejifunza mwenyewe, kwa kufungua redio mbovu za watu, na jambo kama hilo halina shahidi. Mama yangu alizoea kusema mdomo huponza kichwa. Siku ile ni akili iliyokiponza. Nilimsihi mkuu, nikamtukana pia, naye hakunisikia. Aliondoka na mume wangu kuelekea mtoni. Redio aliniachia, kwa kuwa haikuwa na kosa.