Futi Juu ya Kioo cha Simu

"Ondoa futi hapo, fundi! Nani hupimwa kiuno kwenye picha?"

"Bibi, wanachuo wa leo hutuma picha tu, gauni linashonwa."

"Picha za simu zinakondesha. Yangu ilinikondesha nikapita kwenye tundu la sindano yako hiyo."

Fundi jirani yangu hakucheka. Kila jioni huikuza picha ya bintiye aliye chuoni, kwa vidole vilivyotobolewatobolewa na sindano. Humpima bega, humpima kiuno, kisha kidole husahaulika shavuni.

"Si umwambie aje umpime mwenyewe?"

"Ana masomo, bibi. Sitaki kumsum—"

Binti akaingia na begi lake. Gauni la kupimwa pichani alilotumiwa na babake limembana, kwapani limefumuka. Fundi akaiinua futi kutoka kwenye simu.