Nyumba Aliyoisoma kwa Mikono

Shangazi yangu alikuwa mtunza stoo wa hospitali tangu alipoajiriwa hadi alipostaafu, na wengi hawakumjua kwa jina jingine ila Mama Stoo. Stoo yenyewe ilikuwa chumba kirefu kisicho na dirisha, nyuma ya jengo la upasuaji, chenye rafu za chuma hadi darini. Umeme ukikatika, wauguzi walisimama mlangoni wakamtajia wanachotaka. Yeye aliingia gizani bila tochi na kutoka nacho: pamba, glovu, chupa za dripu, uzi wa kushonea. Aliyesogeza boksi bila kumwambia alinuniwa wiki nzima.

"Kila kitu kina kwao," alikuwa akisema. "Ukikitoa kwao umekipoteza, hata kama unakitazama."

Mumewe alikuwa dereva wa malori ya safari ndefu. Wenzake walimpa jina la Polepole kwa sababu hakuwahi kulipita gari la mtu mlimani, na jina likamfuata hadi nyumbani. Kwa miaka mingi alivuka mpaka na kulala katika mji mmoja mdogo wa nchi jirani, mji wenye ubaridi wa kiasi na miti pande zote mbili za barabara, ambako malori yalisubiri kukaguliwa. Akaupenda. Lugha ya pale alijifunza kwa wauza chai na makarani wa forodha. Akanunua kiwanja, akawa anajenga kidogo kidogo, safari hii mlango, safari ile bati. Shangazi akiulizwa mumewe yuko wapi, alijibu, "Yuko kwa mke mwenzangu, anampaka rangi."

Walipostaafu wote wawili, nyumba ile ilikuwa tayari. Waliyokuwa wakiishi huku ilikuwa ya hospitali, ikarudishwa. Mtoto wao wa pekee, wa kiume, aliwauliza mara kadhaa kama wamefikiri vizuri. Nani atawauguza huko? Nani atawazika?

"Watatuzika tutakaokuwa tumewazoea," alisema Polepole. "Wewe mwenyewe unaishi ghorofa ya nne na jirani yako humjui hata sura."

Jambo ambalo Shangazi hakumwambia mumewe wala mwanawe ni kwamba, muda mfupi kabla ya kuhama, alikuwa amepimwa macho na kukutwa na presha ya macho. Uwezo wake wa kuona ulikuwa unaliwa kutoka pembeni kuelekea katikati. Dawa ya matone ingepunguza mwendo wa ugonjwa, lakini kilichokwisha kwenda kisingerudi. Mimi nilijua kwa sababu ndimi niliyempeleka. Tulipokuwa tunatoka kwa daktari, nilimuuliza atamwambia Mzee lini.

"Simwambii."

"Shangazi, ni mume wako."

"Ndiyo maana simwambii. Nikimwambia anageuza gari, si unamjua? Atapanga chumba hapa mjini, akae anatazama ukuta mpaka afe. Mtu amejenga nyumba mlango kwa mlango, halafu mimi niitie kufuli?"

Wakahama. Ukweli ni kwamba ule mji ulimpokea Polepole kama mtoto aliyerudi. Magoti yaliyokuwa yakimsumbua yalitulia. Asubuhi alikaa na madereva wastaafu wenzake nje ya duka la vipuri, wakabishana juu ya injini ambazo hazitengenezwi tena. Jioni alimwagilia mboga zake. Kwa Shangazi, jirani wa kushoto alikuwa mwoka mikate, mwanamke mnene mwenye sauti ya chini, na wawili hao walipatana bila kuwa na lugha. Mmoja alileta mkate wa moto, mwenzake akarudisha sahani na nyanya juu yake. Walikaa kwenye ngazi za nyuma, kila mmoja akisema kwa lugha yake, na waliinuka wakiwa wameridhika.

Katika mji huo kulikuwa na daktari wa macho, tena anayesifiwa, na kliniki yake haikuwa mbali. Lakini hakujua hata neno moja la lugha yetu, na Shangazi alijua salamu, asante na bei za sokoni tu. Ili aongee na daktari alihitaji mkalimani, na mkalimani pekee aliyekuwa naye ni yule aliyekuwa akimficha.

Kwa hiyo hakwenda. Matone nilikuwa nikimtumia kutoka huku kwa wasafiri niliowaamini, na kuna nyakati yalichelewa, akakaa bila dawa. Mwaka wa pili nilichukua likizo nikayapeleka mwenyewe.

Niliyoyakuta yalinishtua. Shangazi alikuwa ameigeuza nyumba ile stoo. Viti vilisukumwa ndani ya meza mara tu mtu alipoinuka. Kisu kilikuwa na msumari wake ukutani na kikombe cha mzee kilikuwa na pembe yake kabatini. Alipita kwenye korido akigusa ukuta kwa mgongo wa kidole, tena haraka, kama mtu mwenye shughuli zake.

"Shangazi yako amekuwa polisi," Polepole aliniambia tukiwa bustanini. "Nikiacha viatu mlangoni nafunguliwa kesi." Kisha akashusha sauti. "Lakini hacheki kama zamani. Anaigusagusa nyumba kama mtu anayeaga. Ana hamu ya nyumbani, sivyo?"

"Muulize mwenyewe, Mzee."

"Nikimuuliza anasema yupo sawa. Mwanamke akisema yupo sawa mara tatu, wewe tafuta spana."

Siku ya tatu nilikwenda sokoni na Shangazi na yule mwoka mikate. Tuliporudi, Polepole alikuwa mlangoni, shati limelowa jasho, anatabasamu kama mtoto aliyeficha kitu.

"Fumba macho, mama," alimwambia mkewe. Akamshika mkono akamwongoza hadi katikati ya sebule. "Haya, fumbua."

Nilielewa kabla ya kumaliza kutazama. Alikuwa amepanga sebule yote upya ifanane na ile ya nyumba ya hospitali. Kabati lilikuwa limehamia kushoto na kochi lilikuwa chini ya dirisha. Stuli za wageni zilipangwa kando ya njia ya kwenda jikoni, kama zilivyokuwa huku. Kazi hiyo aliifanya peke yake, na magoti yale.

Shangazi alitazama mbele yake tu. "Pamependeza," alisema, kwa sauti ya mtu anayemshukuru mgeni. Kisha akachukua kapu lake la nyanya na kuelekea jikoni kwa mwendo wake wa kila siku.

Alianguka juu ya stuli ya kwanza. Nyanya zilitawanyika sakafuni na yeye akagonga bega kwenye kona ya kabati. Nilimkimbilia. Polepole hakusogea.

"Hiyo stuli ilikuwa hapo," alisema taratibu. "Macho yako wazi. Hukuiona?"

"Nilikuwa na haraka."

Alikuja akapiga magoti mbele yake kwa shida. Kila leseni yake ilipoisha alikuwa akipimwa macho, na kipimo alikijua. Alinyoosha mkono kando ya kichwa cha mkewe, usawa wa sikio, akainua vidole. "Vingapi?"

Polepole akausogeza mkono mbele kidogo kidogo, huku akiuliza, na kila alipouliza hakujibiwa, mpaka mkono ulipokuwa karibu na pua.

"Vitatu," alisema Shangazi.

Polepole alikaa chini kabisa, sakafuni, kati ya nyanya. "Tangu lini?"

"Tangu kabla hatujaja."

"Na huyu alijua?" Alininyooshea kidole.

"Nilimkataza kusema. Usimgombeze."

"Sigombezi mtu." Aliokota nyanya moja, akaifuta vumbi. "Mimi nililala na wewe kitanda kimoja. Utingo wangu kwenye lori akiumwa jino nilikuwa najua kabla hajasema. Wewe unapofuka pembeni yangu, mimi nakuhadithia habari za injini."

"Ungegeuza gari."

"Ningeligeuza, ndiyo. Na sasa naligeuza. Wiki hii tunafunga mizigo, turudi kwa mtoto."

"Sirudi," alisema Shangazi. Alitafuta mkono wake, akaupata. "Sikiliza, mzee. Macho niliyokuja nayo nimeyatumia kuisoma nyumba hii. Kila ukuta, kila swichi ya taa. Ukinipeleka kwa mtoto ghorofani, huko nitasoma na nini?"

Kesho yake tulikwenda watatu kliniki. Daktari alikuwa mwanamke wa umri wangu, mpole, mwenye miwani iliyoning'inia shingoni. Alipima kwa muda mrefu. Kisha akakaa akazungumza na Polepole, naye akawa anaitikia kwa kichwa bila kututazama.

"Amesema nini?" aliuliza Shangazi.

"Amesema la kushoto limechoka."

"Polepole. Nimefanya kazi hospitali maisha yangu yote. Hawasemi limechoka."

Akamgeukia. "Limekwisha. Amesema limekwisha. La kulia bado lina kidogo. Anataka kulipasua, apunguze presha. Likikubali, utabaki na hicho ulicho nacho. Lisipokubali, hata hicho kitaondoka."

"Muulize, kama ningekuja kwake mwaka ule tulipofika?"

Polepole hakutaka kuuliza. Akauliza. Daktari alitazama meza, akageuza kalamu yake mara moja au mbili, akajibu kwa maneno machache. Polepole aligeukia dirishani bila kutafsiri.

"Basi, hilo nimelielewa bila mkalimani," alisema Shangazi. "Mwambie apasue."

Jicho lilipasuliwa wiki iliyofuata, nami niliongeza siku za likizo. Limebaki na kile lilichokuwa nacho. Shangazi anasema ni kama kuchungulia kwenye tundu la bomba, lakini ukiliweka sawa na uso wa mtu, unamwona. Mtoto wao alikuja na gari kuwachukua wote wawili. Akakaa siku chache, akala mkate wa jirani, akambembeleza mama yake kwa kila njia, akarudi peke yake.

Kliniki wanakwenda kila mwezi. Polepole amejifunza majina ya dawa na ya sehemu za jicho. Daktari akimaliza kusema, yeye anatafsiri neno kwa neno, hata likiwa baya, na Shangazi anamshika pindo la mkono wa shati akingoja afike mwisho.