Nazi Zilizoota Miaka ya Zuio

Mwanangu, ipo siku moja ambayo hata nikizeeka nikasahau jina langu, sidhani kama itanitoka. Ni siku hakimu alipotupandisha pantoni pale Pangani, mimi na dada yangu Mwanaidi, kwenda Ushongo kuitazama minazi tuliyoigombania mahakamani miaka sita.

Nianzie nyuma kidogo. Mwanaidi ni dada yangu wa mama mmoja, baba mbalimbali. Shamba lilikuwa la baba yangu, lakini minazi aliipanda Mwanaidi na marehemu mumewe, kwa ruhusa ya baba. Huku kwetu pwani ardhi inaweza kuwa ya huyu na mnazi ukawa wa yule, na watu wakaishi salama. Baba alipofariki, mimi nilikuwa nauza mitumba Tanga mjini. Ndiyo kwanza ruksa ya biashara imeingia, nguo tele, baada ya miaka ya kupanga foleni kwa kipande cha sabuni, na vijisenti vikanipanda kichwani. Nikaweka wakili. Nikadai ardhi na minazi yote, nikaomba na zuio: mtu asiguse hata kidaka, ile nazi changa kabisa, mpaka kesi iishe.

Kesi yenyewe haikuisha. Leo hakimu kahamishwa, kesho faili halionekani, keshokutwa hakuna karatasi ya kuchapia mwenendo wa kesi, tununue wenyewe. Kila ikipigwa kalenda, yaani ikiahirishwa, wakili analipwa, na mimi, usinicheke, nilikuwa natoka pale nimenyanyua kidevu kana kwamba nimeshinda.

Ndipo ukaja mpango wa majaribio wa mahakama. Zilichaguliwa kesi chache zilizolala sana, yetu ikiwemo. Kila moja ikapewa hakimu mmoja wa kwenda nayo mpaka mwisho, na siku ya kwanza tu ikapangwa tarehe ya kumaliza. Mawakili wakaambiwa wataje gharama zao zote mbele yetu, na zisizidi hapo. Wakili wangu alikohoa mpaka nikamwonea huruma.

Hakimu wetu alikuwa mama mfupi, Mbondei, mwenye sauti ya upole. Akasema hawezi kuhukumu minazi asiyoijua. Tukaenda.

Mwanangu, sikiliza nilichokiona. Chini ya kila mnazi, nazi zilizodondoka zilikuwa zimeota juu ya nyingine zilizooza, na miche mingine imenipita kimo. Njia hakuna. Chakula cha miaka sita kimegeuka msitu, kwa karatasi moja niliyoisaini mimi. Niliogopa, kwa kweli, kama mtu aliyegundua kaingia msikitini na viatu.

Hakimu akataka kila mmoja aseme, kwa maneno machache, anataka nini.

"Mie ardhi siitaki, Mheshimiwa," Mwanaidi akasema. "Nataka niangue nazi zangu, nile na wanangu. Basi."

Hakimu akanigeukia mimi. Nazi sikuzihitaji, biashara yangu ilinitosha. Likanitoka la kweli: "Nilitaka nishinde."

"Binti," akaniambia taratibu, "hilo mimi sina la kukupa. Mimi natoa haki tu. Na huyu dada yako amekula nini miaka yote hii, umewahi kumuuliza?"

Sikuwahi. Nililia mbele ya makarani wa hakimu. Mwanaidi ndiye aliyenifuta machozi kwa ncha ya leso, mikono yake imechubuka kwa kusokota kamba za usumba, nyuzi za makumbi ya nazi za watu, alizokuwa akiuza. Tukaandikiana palepale: ardhi yangu, minazi yake. Miaka sita ikaisha kabla ya adhuhuri, na hata leo nastaajabu. Lakini mwanawe mkubwa alikuwa ameshaacha shule kwenda kukata mkonge, na hakuna hakimu aliyeweza kumrudishia darasa lake.

Basi nakuusia, mwanangu. Ukidhulumiwa, usiogope mahakama. Ila kabla hujamshtaki mtu wako, nenda kwake kwanza ukaone anaishije, umwambie kwa mdomo wako unachokitaka. Ukishindwa kukitamka, rudi nyumbani. Na ukishtaki, uliza mapema kesi itaisha lini na itakula kiasi gani, wala usifurahie kalenda, maana zile siku yupo mtu anazikaa na njaa. Mungu akupe moyo wa kuomba radhi mapema kuliko mimi, akujaalie ndugu wa kukufuta machozi, akuepushe na ushindi usio na kazi nao. Amina.