Nimeshukuriwa kwa Siku Ambayo Sikufanya Kazi

Jameni, leo nimeshukuriwa kwa uvivu!

Niko soko ya Kimilili nachagua nyanya, mama mmoja akanishika mkono.
"Sista, si ni wewe? Ulinishika hivi nikitolewa uvimbe wa kizazi kule Bungoma, mwaka wa tisini na mbili. Asante sana."

Nikamkumbuka.

Manesi wa zamani wa thieta ya upasuaji, mnajua: tulivuta vyuma vya kushikilia tumbo lililopasuliwa libaki wazi, mpaka vidole vinakufa ganzi.
Siku hiyo tuliletewa chuma kinachojishikilia chenyewe.
Daktari akaniambia, "Sista, vua glavu, pumzika."
Nilihisi nimefutwa kazi, bana.

Huyu mama alidungwa sindano ya mgongo, yuko macho, anatetemeka. Nikakaa nimemshika mkono tu.

Leo nikamwambia, "Lakini mama, daktari ndiye alifanya kazi yote."

Akaniangalia. "Daktari gani?"