Klaksoni ya Siku Niliyotoka kwa Baba

Siku ninayoikumbuka kuliko zote za ujana wangu, mwanangu, ni ile niliyotolewa kwa baba yangu hapa Kamina. Nilikuwa nimekaa ndani ya pikapu, gauni limenibana, uso umefunikwa shela, na shangazi yangu kando yangu. Alikuwa ameniagiza kwamba bibi arusi haongei mpaka afike kwa mume. Nikatii. Nyinyi wa leo mnaongea kwa simu hata mbele ya altare, lakini tuyaache hayo.

Misa ilikuwa imekwisha asubuhi. Mume wangu, mtoto wa watu wa reli, alikuja kunichukua kwa pikapu hiyo, gari la mjomba wake, akiliendesha mwenyewe. Alikuwa fundi wa umeme wa magari. Akawasha injini, akabonyeza klaksoni kuwaaga wazee. Haikulia. Akabonyeza tena, haikulia.

Unacheka, lakini wakati ule halikuwa jambo la kuchekesha. Binti aliyetolewa na baba yake aliondoka kwa klaksoni, mtaa wote usikie. Aliyeondoka kimya ni yule aliyetoroshwa. Baba akasema kutoka kwenye kiti chake, bila hasira, "Mutoto yangu hatatoka kimya. Kama klaksoni haipige, arudi mu nyumba, tutaongea siku ingine."

Nilimpenda yule kijana, sioni haya kusema. Nami nilijua kwamba wajomba zangu, ambao hawakuwataka watu wa reli, walikuwa wakingoja sababu kama hiyo. Nikirudi ndani, huenda nisitoke tena.

Mume wangu akaanza kutafuta. Taa ziliwaka, kwa hiyo betri ilikuwa nzima. Akabadilisha fyuzi, wapi! Wanawake waliendelea kuimba, wajomba wakashauri kila mmoja lake, jasho likamtiririka ndani ya suti. Mwishowe akachukua bisibisi, akaanza kufungua katikati ya usukani, volan kama tunavyouita hapa, akiamini kwamba kitufe ndicho kilichokufa.

Lakini kila alipokibonyeza, nilisikia kitu karibu na magoti yangu: tik. Ilikuwa rele, kile kisanduku kidogo kinachopokea amri ya kitufe na kupeleka umeme kwenye klaksoni. Kaka yangu mkubwa, ambaye wakati huo tulikuwa tumekwisha kumzika, alikuwa fundi wa kazi hiyohiyo, nami nilikua nikimshikia taa ya kupimia. Alinifundisha kwamba rele ikilia, kitufe hakina kosa. Utafute mbele, kwenye klaksoni yenyewe na waya wake wa masi, ule unaorudisha umeme kwenye bodi ya gari. Matope ya mvua zetu, alisema, hula masi kwanza.

Nikafungua mdomo nipaze sauti. Shangazi akaniwekea mkono pajani. Hapo nikawatazama wajomba waliolizunguka gari, nikaelewa kwamba kama ningesema kwa nguvu, wangemcheka mume wangu maisha yake yote, fundi aliyefundishwa kazi na mkewe. Nikangoja ainame kuokota skrubu, nikainua shela kidogo, nikamwambia sikioni:

"Rele iko inalia. Acha volan. Angaria masi."

Mwenye kiburi angeendelea na usukani wake. Yeye alirudisha skrubu mahali pake, akaenda mbele ya gari, akaikwangua kwa kisu kutu iliyokuwa kwenye nati ya masi. Alipobonyeza, klaksoni ililia mpaka mbuzi wa jirani wakakata kamba. Baba akasimama, akanipungia kofia. Nililia kwa furaha, na hata sasa nikisimulia machozi hayako mbali.

Siku chache baadaye, Shangazi alipokuja kunisalimia kwa mume wangu, sikupata sifa nilizozitarajia. Alinigombeza kwa kuvunja agizo lake, kisha akasema amenisamehe kwa sababu moja tu. "Ulisema mu sikio. Ungesema mbele ya bantu, klaksoni ingelia, lakini bwana ungemupoteza." Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, na yeye aliwajua wahenga hao wote.

Mume wangu, kwa upande wake, aliniuliza tukiwa tunakula, "Miye njo fundi. Weye ulisikia rele namna gani mu makelele ile?"

"Nilikuwa nimenyamaza," nikamjibu.

Tangu hapo, kitu chochote kilipokwama nyumbani, kiwe gari au mtoto aliyekataa shule, aliniuliza kwanza nimesikia nini. Sasa amelala kaburini, na hakuna anayeniuliza hivyo. Ndicho ninachokikosa kuliko vyote.

Basi, mwanangu, ukijua jambo usilifiche kwa kuwaogopa watu, wala usilitangaze ili watu wakuone. Lipeleke kwenye sikio la mwenye kazi. Na siku kazi itakapokuwa yako, ukaambiwa, weka bisibisi chini usikilize, hata anayekuambia awe amefunikwa shela. Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Mungu akupe nyumba ambayo ndani yake kuna mtu wa kukuuliza umesikia nini, na akujalie utulivu wa kuwa umesikia.